Maswali na Majibu: Viumbe wa Mtoni, Kutoka Wavuni Hadi Kwenye Hadubini

Barua za safari hii zimetoka Iringa, Njombe na Mbeya, na zote zinahusu kuwatambua viumbe wadogo wa majini wasio na uti wa mgongo: mabuu ya wadudu, konokono, kaa, ruba na minyoo. Wengi mmeuliza kuhusu maabara. Tumejibu, lakini mtaona tunawarudisha mtoni mara kwa mara, kwa sababu sampuli iliyoharibika pale haitengenezwi na hadubini yoyote.

Sampuli zimeoza njiani. Kosa ni la basi au la spiriti?

*Kamwene wataalamu. Sisi ni jumuiya ya watumia maji, bonde la Ndembera. Tulichukua sampuli sita kwa wavu, tukajaza spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa, tukazituma kwa basi. Maabara imetujibu kwamba tano zimeoza, hazitambuliki. Tumekosea wapi? — Jumuiya ya watumia maji, Mufindi*

Kamwene. Basi halina kosa. Spiriti yenu ilikuwa ya asilimia 70 ilipokuwa dukani. Ilipoingia kwenye chupa ilikutana na maji.

Pigeni hesabu. Chupa ya nusu lita ikijazwa majani, mchanga na wadudu waliolowa hadi katikati, humo mna karibu mililita 250, na sehemu kubwa yake ni maji. Mkimalizia na mililita 250 za spiriti ya 70, mnabaki na asilimia 35 hivi. Hiyo ni nguvu ya pombe kali ya baa, na kwenye pombe ya namna hiyo buu huanza kuoza siku ya pili: tumbo hulainika, miguu na mikia hukatika, na vyavuya, yaani yale manyoya ya kupumulia ambayo mtambuzi anayategemea, huwa kamasi. Hata mngetumia ethanoli ya 96 kwa kipimo hicho hicho, mngeambulia 48.

Fanyeni hivi. Mwageni maji yote ya sampuli kupitia chekeche la matundu ya nusu milimita. Majani makubwa na mawe yaosheni juu ya chekeche, mhakikishe hakuna kilichong'ang'ania, kisha myatupe. Majani huendelea kutoa maji na rangi ya chai. Mzigo uliobaki usizidi theluthi moja ya chupa. Juu yake wekeni ethanoli ya 96 hadi shingoni. Kwa chupa ya mililita 500 yenye mzigo wa 150 na ethanoli 350, mnafika kama 67, na hapo bado. Ndiyo maana baada ya saa 24 spiriti ile ya kwanza humwagwa na kuwekwa mpya ya asilimia 80. Kuitengeneza: mililita 833 za ethanoli ya 96, ongeza maji yaliyotoneshwa hadi ifike lita moja. (Ya 70 ni mililita 730.) Maji ya betri yanafaa, ila msome vizuri kilichoandikwa, maana dukani asidi ya betri hukaa rafu hiyo hiyo. Chupa zisafiri baada ya kubadilishwa spiriti.

Kaa awekwe chupa yake peke yake. Ana maji mengi mwilini, na kabla hajafa huwa ameshawakatakata wenzake. Vivyo hivyo tunutu wakubwa wa kereng'ende: dakika kumi ndani ya ndoo zinamtosha kupunguza idadi ya wadudu mliotoka kuwakamata kwa jasho.

Kuhusu basi lenyewe: ethanoli inashika moto, kwa hiyo mwambieni wakala wa vifurushi kilichomo, chupa zisimame wima ndani ya ndoo yenye mfuniko, na katikati mpachike magazeti. Kizibo kizungushiwe utepe. Kikilegea, spiriti huisha kwa mvuke huku chupa ikionekana nzima.

Na lebo. Iandikwe kwa penseli kwenye karatasi nene, itumbukizwe ndani ya chupa. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye spiriti, na alama ya kalamu nene ya nje hufutika tone la kwanza likimwagika. Sampuli nzuri isiyo na lebo haina tofauti na sampuli iliyooza. Jina la mto, mahali, kipimo cha GPS, mwinuko, tarehe, aina ya makazi (mawe, mimea au mchanga), jina la mchukuaji. Hivyo tu.

Formalini msiiguse bila mtaalamu. Inahifadhi minyoo vizuri, lakini ikiwa na asidi hula magamba ya konokono, inaharibu DNA, na mvuke wake ni hatari kwa mwenye kuchambua.

Je, tunaweza kushona wavu kwa chandarua?

*— Mwalimu wa klabu ya mazingira, Kilolo*

Fremu mnaweza kutengeneza wenyewe: nondo nyembamba au alumini, mraba wa sentimita 30 kwa 30, mpini wa mita moja na nusu. Kitambaa ndicho shida. Kipimo cha kawaida cha wavu wa kupimia mito kwa mfumo wa alama (tunaueleza kwenye jibu linalofuata) ni matundu ya milimita 1. Chandarua kina matundu makubwa kidogo kuliko hapo, na maji yakikaza huvutika yakapanuka zaidi, mabuu membamba yakapita. Pia vyandarua vingi vimetiwa kiuatilifu, na hamwezi kumpima mdudu kwa kitambaa kilichotengenezwa kumuua. Tafuteni kitambaa cha nailoni cha kuchekechea, mshone mfuko wenye kina cha sentimita 40 au 50 ili maji yasirudi nyuma na kumwaga mlichokamata. Mshono uwe nje. Ukiwa ndani, wadudu hujificha kwenye pindo na kuhamia sampuli ya mto unaofuata.

Alama 7.6 juu, 2.8 chini. Tumeua mto?

*Skimu yetu ya mpunga ipo Mbarali. Walikuja wapimaji, wakapima mto huko juu unapotoka milimani upande wa Chimala, wakapata 7.6. Wakapima huku chini, baada ya mtaro unaotoa maji ya majaruba, wakapata 2.8. Sasa kwenye kikao tunaambiwa dawa zetu zimeua mto. Ni haki? — Katibu wa skimu, Rujewa*

Ndugu katibu, kwanza tuelewane hiyo namba ni nini. Tanzania tuna mfumo uitwao TARISS, uliotengenezwa kwa ajili ya mito yetu kutokana na SASS5, mfumo wa namna hiyo wa Afrika Kusini. Kila familia ya viumbe ina alama yake: 1 ni ya wavumilivu wanaoishi hata kwenye maji machafu, 15 ni ya wale wasiostahimili uchafu hata kidogo. Familia chache, kama Baetidae, alama yake hupanda zikipatikana aina zake nyingi. Alama za familia zote zilizopatikana hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya familia. Wastani huo ndio 7.6 na 2.8 mlizosomewa.

Mfano wa hesabu tu, kwa alama za SASS5; majina ya kisayansi ni ya familia. Kituo cha juu: Heptageniidae 13, Perlidae 12, Baetidae wa aina zaidi ya mbili 12, Leptophlebiidae 9, Elmidae 8, Hydropsychidae wa aina mbili 6, Gomphidae 6, Simuliidae 5, kaa wa Potamonautidae 3, Chironomidae 2. Jumla 76 kwa makundi kumi: 7.6. Kituo cha chini: Baetidae wa aina moja 4, Coenagrionidae 4, Libellulidae 4, kunguni wa maji wa Belostomatidae 3, Corixidae 3, ruba 3, konokono wa Physidae 3, Chironomidae 2, mabuu ya mbu 1, minyoo ya matope 1. Jumla 28 kwa makundi kumi: 2.8. Angalia kwamba idadi ya makundi haikubadilika. Aliyehesabu aina tu angesema mto uko sawasawa juu na chini.

Sasa kwenye haki. Mto unaoshuka mlimani na mto unaotambaa kwenye tambarare ya Usangu si makazi ya aina moja. Perlidae anataka maji ya baridi, yanayokwenda kasi juu ya mawe. Mlete Rujewa kwenye matope na joto, hatakaa hata kama hakuna mtaro wala jaruba. Kwa hiyo tofauti ya 7.6 na 2.8 imechanganya mambo mawili, jiografia na uchafu, na hakuna awezaye kuyatenganisha kwa namba hizo mbili. Kipimo hicho hakiwatii hatiani. Wala hakiwatakasi: minyoo, ruba na mabuu ya mbu pamoja si dalili ya kupuuza.

Ombeni kipimo kirudiwe hivi. Kituo cha kwanza mita 50 hadi 100 juu ya mahali mtaro unapoingia mtoni. Cha pili chini yake, pale maji yanapokuwa yamechanganyika. Cha tatu kama kilomita moja mbele, kuona kama mto unajiponya. Makazi yawe yale yale katika vituo vyote. Kama kituo kimoja hakina mawe, mawe yasipimwe popote. Linganisheni mimea ya kingo kwa mimea ya kingo. Nguvu ya kuvua iwe sawa: kwa SASS5, mawe ya kwenye mkondo huchokonolewa kwa miguu dakika mbili, mawe ya maji yaliyotulia dakika moja, mimea ya kingo jumla ya urefu wa mita mbili, kokoto, mchanga na matope dakika moja kwa pamoja. Mvuaji awe mmoja, siku iwe moja.

Wakati nao una neno. Mvua za nyanda za juu kusini huanza Novemba au Desemba, huisha Aprili au Mei. Mafuriko husomba viumbe, kwa hiyo sampuli ya siku tatu baada ya mafuriko inapima mafuriko. Msimu wa kupima ni Juni kuendelea. Ila kwenu viuatilifu hupigwa mpunga ukiwa shambani, wakati wa mvua. Basi pimeni siku chache kabla ya kupuliza, siku mbili tatu baada ya maji ya majaruba kufunguliwa, na tena baada ya wiki nne, mkiepuka siku za maji kujaa.

Halafu msomeni nani amepotea, msiishie kwenye wastani. Dawa za jamii ya pairethroidi huua wadudu, kaa na kamba, lakini konokono na minyoo hubaki. Mkikuta konokono tele na ruba tele, na hakuna mdudu hata mmoja mwenye miguu sita, hapo dawa inashukiwa kwa nguvu. Uchafu wa kinyesi na mabaki ya mimea unafanya vingine: oksijeni hushuka, minyoo na mabuu mekundu ya Chironomidae hujaa hadi tope linachezacheza. Tope la mmomonyoko nalo lina saini yake. Wadudu wenye vyavuya vilivyo wazi huzibwa na udongo wakaondoka, lakini wadudu wa familia ya Caenidae wanabaki kwa sababu jozi moja ya vyavuya vyao imekuwa kama vifuniko viwili vya mraba vinavyolinda vile vingine. Mtazame kwa lenzi, utaviona mgongoni kama milango miwili iliyofungwa.

Na msisahau ukame. Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi tangu 1993, na mto uliobaki vidimbwi hutoa alama ndogo hata pasipo tone la dawa. Kiasi cha maji kipimwe na kuandikwa siku hiyo hiyo. Oksijeni ipimwe alfajiri; saa nane mchana mwani huwa umeshajaza maji oksijeni na namba inapendeza bila sababu.

Ripoti ikikamilika, mahali pake ni Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, Iringa, kabla ya kikao kingine cha kunyoosheana vidole.

Mikia miwili au mitatu?

*Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Mbeya. Nashindwa kutofautisha mabuu ya makundi mawili ya wadudu wa mtoni, Efemeroptera na Plekoptera. Kitabu kinasema mikia mitatu na mikia miwili, lakini wa kwangu wengine wana mkia mmoja. — Mwanafunzi, Mbeya*

Marahaba. Mkia ni shahidi dhaifu: hukatika kwenye wavu, na hata Efemeroptera wapo wenye miwili kwa kuzaliwa. Angalia kucha. Mlaze chali ndani ya maji kidogo kwenye kisahani, ukuze mara 20, utazame ncha ya mguu. Kucha moja: Efemeroptera. Kucha mbili: Plekoptera. Kisha tafuta vyavuya. Efemeroptera anavyo pembeni mwa tumbo, mara nyingi kama vijani vidogo vinavyopepea akiwa hai. Plekoptera wa kwetu, ambao Afrika Mashariki ni familia ya Perlidae, anavyo kwapani, vishada vyeupe kwenye mizizi ya miguu, na pembeni mwa tumbo lake ni tupu.

Mtazame kabla hujamtia spiriti. Perlidae akikosa oksijeni kwenye trei hupiga pushapu, anainua na kushusha mwili kusukuma maji yapite kwenye vyavuya. Heptageniidae, wa Efemeroptera, ni bapa kama amekanyagwa, macho yako juu ya kichwa, na anatembea kando kando kama kaa. Vitu hivyo ndani ya chupa havionekani tena.

Makosa mawili ya wanaoanza: kuhesabu ngozi tupu iliyovuliwa (inua kwa kibano, ukiona mwanga unapita na mgongo umepasuka, iache), na kuhesabu nyumba ya Trikoptera (kundi ambalo mabuu yake hujijengea vijumba) isiyo na mwenyewe. Bonyeza polepole nyuma ya nyumba; kama yumo, atachungulia.

Konokono wa kijitoni na ini la ng'ombe

*Habari za kazi. Nafuga ng'ombe wa maziwa Rungwe. Dume tulilochinja lilikutwa na minyoo bapa kwenye ini. Kijito wanaponywea kuna konokono wa aina mbili tatu. Niwaweke kwenye spiriti niwalete maabara? — Mama mfugaji, Rungwe*

Usiwaweke kwenye spiriti, mama. Ukiwaua, maabara itakupa jina la konokono lakini haitaweza kuona kama ana vimelea vinavyotoka. Na akitumbukizwa ghafla hujivuta ndani ya gamba, mwili hauonekani tena.

Kwanza jitazamie mwenyewe, ukivaa glavu, maana kijito hicho hicho kinaweza kuwa na kichocho. Shika gamba ncha ikiwa juu na mlango ukikutazama. Mlango ukiwa kulia na pembe za kichwani zikiwa pana za pembetatu, huyo ni jamaa wa Lymnaea, na ndiye mshukiwa wako. Mwenye gamba kubwa lenye mlango mpana, anayekaa kwenye maji yenye majani, ni Lymnaea natalensis, mbebaji wa Fasciola gigantica, mnyoo bapa wa ini. Yupo mwingine mdogo, hafiki sentimita moja na nusu, anayependa tope la pembeni kuliko maji yenyewe, Lymnaea truncatula. Huyo hubeba Fasciola hepatica kwenye nyanda za baridi kama Kitulo. Wafugaji humkosa kwa sababu wanatazama majini naye yuko kwenye nyayo za ng'ombe.

Mlango ukiwa kushoto na pembe nyembamba kama uzi, ni Bulinus au Physa. Bulinus hubeba kichocho cha mkojo. Physa ana gamba linalong'aa na ncha kali, naye hana habari na kichocho chetu. Aliyejikunja bapa kama kamba iliyoviringwa mezani anaweza kuwa Biomphalaria, wa kichocho cha tumbo, ingawa wapo bapa wengine wadogo wanaofanana naye. Wa kushoto na wa bapa hawahusiki na ini la ng'ombe wako, ila wanahusika na watoto wanaooga hapo.

Kusanya 30 hadi 50 wa kila aina, maana kwa kawaida wachache tu ndio wenye vimelea. Wasafirishe wakiwa hai kwenye boksi lenye matundu, wakiwa wamelala kwenye pamba au karatasi iliyolowa, mahali pa baridi. Wasiwe ndani ya maji. Chupa iliyojaa maji huwaua kwa kukosa hewa kabla ya kufika Uyole, Mbeya. Wafike ndani ya siku moja au mbili.

Maabara itamweka kila mmoja kwenye glasi yake yenye maji kidogo, chini ya mwanga kwa saa kadhaa kuelekea mchana. Vimelea vikitoka, vya kichocho vina mkia uliogawanyika kama panda ya manati. Vya Fasciola vina mkia mmoja, navyo haraka hujibandika kwenye ukuta wa glasi kama vidoa vyeupe. Wasipotoa kitu si uthibitisho kwamba kijito ni salama. Kwa ng'ombe wenyewe, njia fupi ni kinyesi kupimwa mayai na daktari wa mifugo, naye ndiye wa kupanga dawa. Wakati unasubiri, zungushia uzio ule mdomo wa kijito, wanyweshe kwenye hori.

Maabara inayotaja spishi zote

*Nasimamia tathmini ya mazingira ya mradi mdogo wa umeme wa maji, Njombe. Maabara mbili zimeleta maombi. Moja inatoa familia na jenasi, nyingine inaahidi spishi kwa kila kiumbe, kwa bei isiyozidi sana. Nichukue ya pili? — Mshauri, Njombe*

Ahadi hiyo iogope. Spishi nyingi za wadudu wa maji wa Afrika zilielezwa kutokana na mdudu mzima anayeruka. Buu lake halijawahi kuunganishwa na jina. Anayekuandikia spishi kwa kila buu la Chironomidae au kila tunutu wa Baetidae, ama ana DNA na maktaba ya kulinganishia, ama anabahatisha. Kaa, konokono na kereng'ende wazima hufika spishi kwa haki. Baetidae kufika jenasi kunahitaji sehemu za mdomo kupachikwa kwenye slaidi. Chironomidae kichwa hukatwa, hulainishwa kwa potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, kisha hupachikwa chali. Uliza kama kazi hiyo wanaifanya. Kama hawaifanyi, jina lao la jenasi limetoka wapi?

Uliza pia wanavyochambua. Sampuli yenye maelfu ya viumbe haihesabiwi yote: humwagwa kwenye trei ya miraba, miraba huchaguliwa kwa bahati nasibu hadi wapatikane angalau 300, na mraba ulioanzwa humalizwa. Baada ya hapo lazima watafute wakubwa na adimu kwenye trei nzima, vinginevyo Perlidae wako watatu wanaweza kubaki kwenye miraba isiyoguswa, na ripoti ikasema hawapo. Sampuli moja kati ya kumi ichambuliwe upya na mtu mwingine. Wa kwanza akitoa 285 na wa pili akikuta 15 waliobaki, ufanisi ni 285 kwa 300, yaani asilimia 95, na hicho ndicho kiwango cha chini cha kudai. Chini ya hapo, kundi lote la sampuli hurudiwa.

Kwenye mkataba andika kwamba viumbe vyote vitarudishwa kwenye vichupa, kila kundi na lebo yake. Jina lililoandikwa bila kiumbe haliwezi kukaguliwa. Na ukiona kwenye orodha maneno kama "Leptophlebiidae, wachanga mno" au "wameharibika", usikasirike. Hao ni watu wakweli.

Kwa mradi wa umeme swali lako kubwa ni kipande cha mto kitakachopunguziwa maji kati ya banio na mtambo. Familia kwa mfumo wa TARISS inatosha kukujibu, na jenasi kwa Efemeroptera, Plekoptera na Trikoptera kama fedha ipo. Fedha ya spishi itumie kuongeza vituo na msimu wa pili.

Maabara za ubora wa maji za mikoani hujikita kwenye kemikali na bakteria. Piga simu kwanza kabla ya kubeba ndoo. Kwa viumbe, anza na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Sokoine, au kituo cha TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) cha Kyela kwa mambo ya Ziwa Nyasa. Ndani ya hifadhi za taifa, Kitulo ikiwemo, usitumbukize wavu bila kibali.

GPS inatupeleka kwingine

*Vituo vyetu vya Kilolo vikiwekwa kwenye ramani vinaangukia mbali kabisa. — Fundi sanifu, Iringa*

Mkoa wa Iringa umekatwa na mstari wa nyuzi 36 mashariki. Iringa mjini ni kanda ya 36 Kusini ya UTM, yaani gridi ya ramani inayotumia mita. Mashariki ya mstari huo ni kanda ya 37 Kusini. Ukiandika namba bila kanda, kituo huhama mamia ya kilomita. Kama kinahama mita 300 hivi tu, umechanganya misingi miwili ya vipimo vya ramani, Arc 1960 ya ramani za zamani na WGS84 ya kifaa chako. Andika nyuzi za desimali za WGS84, latitudo ikiwa na alama ya kutoa mbele, na tatizo lote linaisha.

Minyoo mekundu kwenye tenki

*Tumeona vijidudu vyekundu vinavyojipindapinda kwenye tenki la maji. Ni minyoo ya tumbo? — Iringa mjini*

Hapana. Ni mabuu ya Chironomidae, wadudu wanaofanana na mbu lakini hawaumi. Wekundu ni himoglobini, inayowasaidia kuishi kwenye tope lisilo na oksijeni, na hiyo ina maana chini ya tenki lenu kuna tope. Klorini ya kawaida haiwasumbui sana wakiwa wamejificha kwenye vijumba vyao vya tope. Toeni maji, sugueni chini, kisha mfunike mfuniko na bomba la kufurikia kwa wavu mwembamba ili mama yao asitage tena.

Mabuu meusi kwenye majani ya Kiwira

*Ndaga kwa safu yenu. Kwenye maporomoko kuna vijidudu kama virungu vidogo vimejishika kwenye majani yaliyozama. Tunasikia ndio wa ugonjwa wa usubi. Tuchukueje sampuli? — Mhudumu wa afya, Tukuyu*

Umbo hilo ni la Simuliidae, familia ya nzi wadogo waumao wa jenasi ya Simulium: nyuma pamenenepa na pana duara la ndoano linaloshika jani, kichwani kuna feni mbili za kuchujia chakula. Si kila Simulium huambukiza, na eneo lenu linajulikana kwa usubi, kwa hiyo jina sahihi lina maana. Hapa mtego ni spiriti. Kundi la Simulium damnosum halitenganishwi kwa umbo la nje la buu. Hutenganishwa kwa kromosomu za tezi za mate, na ethanoli tupu haizihifadhi inavyotakiwa. Tumia mchanganyiko wa Carnoy: sehemu tatu za ethanoli kamili, sehemu moja ya asidi asetiki kali, uchanganywe siku hiyo hiyo. Kausha jani kidogo, toa mabuu kwa kibano, badilisha mchanganyiko mara mbili tatu hadi usibadilike rangi, hifadhi mahali pa baridi. Chagua mabuu makubwa ambayo doa la pembeni mwa kifua bado halijawa jeusi, maana wadogo hawasomeki. Pupa nao wachukue, kwenye ethanoli ya 80: hesabu ya nyuzi za vyavuya vyao humsaidia mtambuzi.

Mkikamata kaa, wageuzeni. Simulium wa kundi la neavei hukulia juu ya mwili wa kaa wa mtoni, na anayetafuta kwenye majani peke yake hawaoni kamwe.